Vifaru na ramani ya Vita vya Kagera ndani ya Arma 3: anza na ardhi

Kijana anayeanza kutengeneza modi ya vita, yaani nyongeza ya gemu inayotengenezwa na wachezaji wenyewe, hukimbilia kifaru. Namwelewa. Kifaru kinang'aa, ukikipiga picha na kukitupia kwenye kundi la WhatsApp sifa zinakuja siku hiyo hiyo. Lakini kwa Vita vya Kagera nashauri kinyume: ramani itangulie, kifaru kifuate. Vita vile vilikuwa vya mto, vinamasi na barabara chache. Kifaru cha tani 36 ambacho mchezaji anaweza kukipitisha popote apendapo hakina uhusiano wowote na yaliyotokea Kyaka au Lukaya, hata kama kila nati yake umeichonga sawasawa.

Mwongozo huu ni wa Arma 3, gemu ya Bohemia Interactive iliyotoka 2013. Nimeichagua kwa sababu zana zake rasmi, Arma 3 Tools, ni bure kwa kila aliyenunua gemu kwenye Steam, na kwa sababu inaruhusu ardhi ya kweli kuingizwa kwa vipimo vyake.

Vitu vya kuwa navyo

Mbali na Arma 3 Tools, pakua QGIS kwa ajili ya ramani, Blender kwa ajili ya maumbo pamoja na nyongeza yake iitwayo Arma Toolbox, na GIMP au Krita kwa ajili ya rangi. Vyote hivi ni bure. Gemu yenyewe ndiyo itakayokula bando, kwa hiyo ipakue usiku vifurushi vinapokuwa nafuu, au kwa ndugu mwenye intaneti ya waya.

Kama unanunua mashine ya mtumba Kariakoo, usidanganywe na kadi ya picha peke yake. Arma 3 hutegemea sana kasi ya kiini kimoja cha prosesa, na ramani yenye miti mingi huionyesha mashine dhaifu mara moja. Ongeza UPS ndogo. Terrain Builder, programu ya kutengenezea ramani iliyomo ndani ya Arma 3 Tools, ikizimika ghafla katikati ya kuhifadhi, faili la mradi linaweza kuharibika, na umeme wa mtaani haukupigii hodi kabla ya kuondoka. Nakili mradi wako kwenye diski ya nje kila unapomaliza kazi.

Hatua ya kwanza: chagua kipande, si vita vizima

Eneo la Tanzania lililovamiwa mwishoni mwa Oktoba 1978, kaskazini ya Mto Kagera, lina takriban kilomita za mraba 1,800. Ardhi ya Altis, kisiwa kikubwa kilichokuja na gemu, ni takriban 270, na kilitengenezwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Usijaribu kushindana nao ukiwa na laptop Tabata.

Chukua mraba wa kilomita nane hivi kila upande. Mimi ningechagua kati ya maeneo mawili. La kwanza ni Kyaka: mto, kilima, na daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja tarehe 3 Novemba 1978. La pili ni Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, ambako usiku wa Machi 10, 1979 kikosi cha Libya chenye vifaru vya T-55 kiliishambulia Brigedi ya 201 ya JWTZ. Alfajiri yake Brigedi ya 208 ikazunguka, ikatokea nyuma ya adui na kumkatia barabara.

Mutukula, pale mpakani, inavutia pia, ila iko karibu kilomita 30 kaskazini ya Kyaka, kwa hiyo haiingii kwenye mraba mmoja nayo. Ifanye ramani ya peke yake baadaye. Kwa Lukaya, usihangaike kuonyesha njia nzima ya Brigedi ya 208. Waanzishe wachezaji hao kwenye ukingo wa ramani na saa ianze kuhesabu.

Hatua ya pili: mwinuko wa ardhi

Fungua akaunti kwenye EarthExplorer, tovuti ya idara ya jiolojia ya Marekani, upakue data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi, ya mita 30. Kyaka na Lukaya zote ziko katika kanda ya UTM (mfumo wa kuigawa dunia kwa kanda za ramani) namba 36, upande wa kusini. Hapa pana mtego kwa watu wa Lukaya: ikweta iko kilomita chache tu kaskazini, pale Kayabwe. Ukipanua ramani ikavuka mstari, usichanganye kanda ya kusini na ya kaskazini. Baki na kusini kwa ramani nzima. Namba za kaskazini zitapita milioni kumi, na hakuna kitakachoharibika.

Ndani ya QGIS kata mraba wako, ubadilishe uwe gridi ya nukta 2048 kwa 2048 yenye umbali wa mita 4 kati ya nukta na nukta. Hiyo inakupa mita 8,192 kila upande. Hifadhi kama faili la .asc. Utakapoliingiza Terrain Builder, kumbuka kwamba programu hiyo hupenda ramani ianzie kwenye namba 200000 upande wa mashariki na 0 upande wa kaskazini, kwa hiyo hariri kichwa cha faili kwanza.

Sasa jambo linalowashinda wengi. Arma inajua usawa mmoja tu wa maji, sifuri. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na ukiingiza data kama ilivyo utapata nchi kavu angani isiyo na tone la maji. Dawa yake ni kutoa. Kwa Lukaya, toa 1,134 kutoka kila nukta kwa kutumia kikokotoo cha rasta cha QGIS, na ziwa litageuka kuwa bahari ya gemu. Kwa Kyaka, tumia usawa wa Mto Kagera pale darajani kuwa sifuri yako, kisha chimba njia ya mto kwa mkono iwe chini ya sifuri toka ukingo mmoja wa ramani hadi mwingine. Mto halisi unateremka kidogo kadiri unavyoelekea ziwani. Kwenye kilomita nane hakuna mchezaji atakayegundua.

Hatua ya tatu: ardhi ya 1978, si ya leo

Data ya SRTM ilipigwa kutoka angani Februari 2000, na picha za satelaiti unazoziona mtandaoni ni za juzi. Barabara zimenyooshwa, miji imekua, mashamba ya miwa yamebadilika. Ukizichora nyumba zote unazoziona kwenye picha ya leo utakuwa umetengeneza Kagera ya sasa na kuiletea vita vya zamani.

Rudi EarthExplorer, tafuta picha za satelaiti za Landsat za miaka ya 1970. Ni za ukungu, huwezi kuona nyumba, lakini msitu, kinamasi na shamba vinatofautika. Hapo hapo kuna picha za satelaiti za kijasusi za Marekani za miaka ya 1960 na 1970 ambazo zimeshatolewa kwa umma, na baadhi yake ni kali kiasi cha kuona barabara. Ramani za karatasi za Tanzania za 1:50,000, zile za serikali zenye kontua, ndizo bora kuliko vyote kwa majina ya vijiji na njia za zamani. Ulizia kwenye maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani kabla ya kutoa fedha kununua.

Na wapo wazee. Dar es Salaam imejaa wastaafu wa JWTZ na mgambo waliokwenda mstari wa mbele. Ukimpata mmoja kupitia jirani au msikitini, usimfuate na maswali ya unene wa chuma. Mpe shikamoo yake, kaa, mweleze unachokifanya bila kuficha kwamba ni gemu, kisha umuulize vitu ambavyo mtu huviona kwa macho: tope lilifika wapi, mafunjo yalikuwa marefu kiasi gani, walivuka mto wapi, magari yalikwama wapi. Unene wa chuma utaupata vitabuni. Tope la Lukaya vitabu havilijui vizuri. Mzee akisema hataki kuongelea vita, mshukuru uongee naye mpira. Na usilitie jina lake kwenye modi bila yeye kuridhia.

Kingine: usipige picha kambi ya jeshi wala magari ya jeshi barabarani eti unatafuta mfano wa rangi. Sheria inakataza, na maelezo yako kuhusu gemu hayatamchekesha askari wa zamu. Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ulize kilichopo kuhusu vita na mpaka wapi unaruhusiwa kupiga picha.

Hatua ya nne: rangi, mafunjo na daraja

Terrain Builder inataka picha mbili zenye ukubwa sawa: ya satelaiti, ambayo mchezaji ataiona kwa mbali, na ya rangi za udongo, ambayo kila rangi inawakilisha aina moja ya ardhi iliyotajwa kwenye layers.cfg. Kwa ramani yetu zote ziwe pikseli 8192 kwa 8192, mita moja kwa pikseli. Picha ya pili isihifadhiwe kamwe kama JPG. JPG huzalisha rangi za kati kati kwenye mipaka, na gemu haitazijua. Tumia PNG au TIFF, na uzime ulainishaji wa kingo kwenye brashi.

Kwa kinamasi, rangi peke yake haitoshi. Tengeneza aina ya ardhi kwenye CfgSurfaces, sehemu ya maelezo ya ramani inayotaja tabia za ardhi, na uishushe maxSpeedCoef ili gari lipunguze mwendo. Ukitaka pasipitike kabisa, shusha ardhi yenyewe. Kifaru cha jamii ya T-54 kinaweza kuvuka maji ya mita 1.4 bila maandalizi. Weka kina cha mita 1.8 kati ya tuta la barabara na nchi kavu, funika kwa mafunjo, na hapo ndipo wachezaji wako wataelewa kwa nini pale Lukaya kila mtu aliigombania barabara ile ile. Yale mafunjo yaingize kama vitu kamili vyenye View Geometry (tabaka lisiloonekana linaloziba macho ya askari wa kompyuta), si kama nyasi za kawaida za gemu. Nyasi za kawaida humziba macho mchezaji, lakini askari wa kompyuta hazimzuii kama unavyotarajia, na utapigwa na mtu ambaye wewe humwoni.

Daraja la Kyaka litengeneze mara mbili: zima na lililovunjwa. Lijenge kwa vipande vifupi vinavyoungana, maana kitu kimoja kirefu huleta matatizo ya kugongana. Kisha, kabla hujapanda hata mti mmoja, mwamuru dereva wa kompyuta alipitishe gari juu yake. Madereva wa Arma na madaraja ni maadui wa siku nyingi. Afadhali ujue sasa kwamba wanatumbukia kuliko kujua baada ya kumaliza kijiji kizima.

Hatua ya tano: kifaru kipi, cha nani

JWTZ ilikuwa na vifaru vya China: Type 59 na kile chepesi, Type 62. Upande wa Amin kulikuwa na jamii ya T-54 na T-55, vifaru vizee vya Sherman vilivyotoka Israel, na magari ya deraya ya magurudumu manane ya OT-64 kutoka Czechoslovakia. Walibya walikuja na T-55 zao.

Kwa toleo la kwanza chagua viwili, Type 59 na T-55. Ni ndugu: Type 59 ni T-54A iliyotengenezwa China. Mwili mmoja utakuhudumia pande zote mbili kwa marekebisho, nusu ya kazi imekwisha. Lakini uyafanye hayo marekebisho. T-55 haina kile kikofia cha mviringo cha feni kilichopo juu ya mnara wa T-54 na Type 59. Injini yake ina nguvu farasi 580, ya Type 59 ni 520. T-55 hubeba makombora 43, Type 59 hubeba 34. Mzinga wa T-55 unatulizwa kwa pande mbili kifaru kikiwa mwendoni. Type 59 ya mwanzo haikuwa na mfumo huo, ilibidi isimame ndipo ipige kwa uhakika. Hiyo tofauti moja ya mwisho itabadilisha namna timu mbili zinavyocheza kuliko rangi yoyote utakayopaka.

BM-21, lile gari la kurusha maroketi, iache. Najua kila mtu anaitaka, na ile sauti yake ndiyo Waganda waliyoiogopa wakaipa jina la Saba Saba. Ila inapiga hadi kilomita 20 na ramani yako ni ya kilomita nane. Itumie kama mashambulizi yanayotoka nje ya ramani, yanayoitwa kwa redio.

Hatua ya sita: umbo

Kwenye Blender kipimo kimoja ni mita moja, usikibadilishe. Mwili wa Type 59 una urefu wa mita 6.04, upana 3.27, kimo 2.59. Chora kisanduku cha vipimo hivyo, kisha chonga ndani yake. Magurudumu ni matano kila upande, na nafasi kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko nyingine. Ukiikosa nafasi hiyo, mtu anayejua vifaru atacheka kabla hajafika kwenye mnara.

Usichukue umbo lililoporwa kutoka gemu nyingine, hata kama mtu amelitupia bure mtandaoni. Wenye mali huripoti, na Steam hulishusha modi zima. Tafuta lenye leseni iliyoandikwa, au chonga mwenyewe.

Umbo la kuonekana ni sehemu ya kazi tu. Arma inahitaji tabaka nyingine ambazo mchezaji hazioni: Geometry kwa kugongana na uzito, Fire Geometry kwa risasi, Memory kwa nukta kama mdomo wa mzinga na viti, kivuli, na nakala hafifu za kuonekana kwa mbali. Kwenye Geometry kila kipande kiwe kimefungwa na kisiwe na mbonyeo wa ndani, na jumla ya uzito iwe kilo 36,000. Baadhi ya majina ya nukta ni ya Kicheki, kama usti hlavne na konec hlavne. Yanakili herufi kwa herufi.

Chuma cha mbele cha mwili ni takriban milimita 100, kimelazwa nyuzi 60. Kombora linalokuja sambamba na ardhi hukutana na milimita 200 za chuma kwa sababu ya huo mlalo. Kwenye Fire Geometry lichonge bamba kwa mlalo wake halisi na ulipe unene wa milimita 100, gemu itafanya hesabu yenyewe. Wapo wanaoandika 200 juu ya bamba lililolala tayari. Matokeo yake ni kifaru kisichokufa, na seva nzima inagombana.

Hatua ya saba: config.cpp

Hili ndilo faili linaloiambia gemu kifaru kina uwezo gani. Usirithi kila kitu kutoka kwenye vifaru vya Arma vya kisasa. T-100 na Slammer vina darubini za joto na vipima umbali vya leza, na ukirithi madarasa yao bila kusafisha, Type 59 yako ya 1978 itaona watu gizani kupitia mafunjo. Andika visionMode yako iwe na Normal peke yake, ondoa leza, mwachie mpigaji akadirie umbali kwa macho.

Mengine ya kuandika mwenyewe: stabilizedInAxes iwe 0 kwa Type 59 na 3 kwa T-55. Kwa injini ya Type 59, nguvu farasi 520 ni takriban kilowati 385, na mizunguko 2,000 kwa dakika ni maxOmega ya 209. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa barabarani. Mzinga uteremke nyuzi 5 hivi, si zaidi. Wachezaji watalalamika kwamba hawawezi kujificha nyuma ya kilima na kupiga walio bondeni. Waache walalamike, familia hii ya vifaru ndivyo ilivyo, na vilima vya Kyaka vitawafundisha kutafuta nafasi nyingine.

Picha za ngozi zibadilishe kuwa .paa kwa TexView 2, zikiwa na ukubwa kama 2048 kwa 2048 na viambishi sahihi: _co kwa rangi, _nohq kwa mikunjo, _smdi kwa mng'ao. Rangi ya kijani iwe iliyopauka na yenye vumbi jekundu chini. Kifaru kilichotoka gwaridani Uwanja wa Uhuru na kilichokwisha kuvuka Kagera havifanani.

Hatua ya nane: jaribio

Kusanya watu wanne au watano sebuleni kwa mtu, unganisheni mashine kwa waya kwenye ruta moja, mcheze kwa mtandao wa ndani. Usiwaeleze chochote. Angalia wanakwama wapi na nani anapita mahali usipotaka apite. Mchezaji mmoja mtundu wa Temeke atapata njia ya kupitisha kifaru kinamasini ndani ya nusu saa. Mpe soda, kaizibe njia hiyo. Tazama pia mwendo wa picha kwenye mashine dhaifu kuliko zote. Mafunjo ndiyo yatakayoiua, kwa hiyo yapunguze katikati ya kinamasi, mahali ambapo hakuna anayefika, na uyaache mengi kandokando ya barabara.

Kila mtu atakwambia uweke hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978 mwanzoni mwa misheni. Sauti ile ina wenyewe. Pata ruhusa au andika maneno yako mafupi ya kuwaeleza wachezaji hali ilivyo. Kuhusu Amin, mimi nisingemweka kama mtu wa kuchezwa. Kule Kagera na Uganda kuna familia zilizozika watu wao, na modi yako watoto wao wataipakua.

Hatua ya tisa: kupeleka Workshop, ukumbi wa modi wa Steam

Funga kila sehemu kwenye PBO yake (faili ambalo Arma hufungia modi), ramani peke yake na vifaru peke yake, ili anayetaka vifaru tu asile bando la ramani. Zitie sahihi kwa ufunguo wako na uweke .bikey, faili la ufunguo wa umma, kwenye folda ya keys, la sivyo seva zitazikataa. Kisha tumia Publisher iliyomo ndani ya Arma 3 Tools. Maelezo yaandike kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini, na utaje kipi ni cha kihistoria na kipi umekikadiria.

Majina ya madarasa yachague vizuri kabla ya siku hiyo, kwa mfano kgr_type59_jwtz, na yakishatoka usiyaguse tena. Misheni za watu wengine zitakuwa zimeandikwa kwa majina hayo, na ukibadilisha herufi moja kwenye toleo la pili, zote zitakataa kufunguka.